Aliyeanza kwa Kubeba Mikebe ya Filamu

Hotuba kwa vijana wa video wa Mwanza. Wenzetu waliokuwa na kazi za harusi siku ile wameomba niiandike yote, nami nimeiandika kama nilivyoisema. Vipande vya filamu tulivyoangalia ukutani nimeviacha.

Mwangaluka!

Hapana, hiyo si sauti ya watu wa Mwanza. Mwangaluka!

Haya, wabeja. Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, kaka na dada zangu wa kamera na kompyuta, nawashukuru kwa kuja. Najua Jumamosi kwetu ni siku ya hela. Kuna mtu humu ndani ameacha sendofu Buswelu mikononi mwa msaidizi, na kila simu ikiita moyo unamruka. Ndugu yangu, zima simu. Bibi harusi hajatoka hata saluni.

Nimepewa mada: safari ya mtu kutoka kuhariri filamu hadi kuongoza na kutayarisha. Nikawauliza walioniita, mnataka safari ya nani? Yangu ni fupi, na nusu yake mnaijua, wengine mmenishikia taa. Kwa hiyo leo nimekuja na mtu wa mbali. Anaitwa Robert Wise.

Nani anamjua? Mikono juu. Naona michache, tena mingine inasitasita.

Sasa niulize tena. Nani ameona ile filamu ya binti wa utawa anayepelekwa kulea watoto saba wa kapteni aliyefiwa na mke, halafu nyumba nzima inaimba? Ahaa! Karibu ukumbi wote. Hiyo ni The Sound of Music ya 1965, na aliyeiongoza na kuitayarisha ni huyo Wise. Kazi mnaijua, mwenye kazi hamumjui. Wahariri, hili si geni kwenu. Nani aliyewahi kwenda harusini akauliza jina la aliyeunganisha video ya harusi ya jirani yake?

Wise alizaliwa 1914 katika mji mdogo wa Winchester, jimbo la Indiana, Marekani. Alikwenda chuo akitaka kuwa mwandishi wa habari. Ikaja ile miaka ya uchumi kuanguka, ada ikakosekana. Mwaka 1933 akaelekea Hollywood, alikokuwa kaka yake, mfanyakazi wa kampuni ya filamu ya RKO. Kaka akamtafutia kazi. Kazi gani? Kubeba mikebe ya filamu kuipeleka kwenye chumba cha kuonyeshea. Kubeba, ndugu zangu! Hakuwa anagusa mkasi, hakuwa anagusa kamera.

Kutoka hapo akaingia kwenye sauti, akiunganisha milio ya milango na nyayo. Akaenda kwenye muziki wa filamu. Akawa msaidizi wa mhariri, kisha mhariri. Hakuna aliyemrusha ngazi. Nawaomba mtazame ngazi aliyoanzia: sauti. Kwetu sauti ndiyo inayokumbukwa mwisho, saa nane usiku, mteja akishapiga simu ya tatu. Tunatafuta wimbo, tunaufunika juu ya kila kitu, kazi imekwisha. Wise aliingia kwenye picha akiwa ameshajifunza kusikiliza, na ukiangalia kazi zake zote utaona hilo halikumtoka.

Nije kwenye meza yake ya kukatia.

Mwaka 1940 RKO ilimwachia kijana wa miaka 25, Orson Welles, atengeneze filamu anavyotaka. Filamu hiyo ni Citizen Kane, iliyotoka 1941, na mhariri wake alikuwa Wise. Wamepishana miezi minane tu, Wise ndiye mkubwa. Vijana wawili! Nataka niwaeleze mambo mawili kutoka meza ile, kisha mniambie kama hayawahusu.

La kwanza. Filamu inaanza na kifo cha tajiri mwenye magazeti, halafu inakuja taarifa ya habari ya sinema, kama zile zilizokuwa zikionyeshwa siku zile kabla ya filamu yenyewe. Taarifa hiyo ilitakiwa ionekane imeokotezwa kutoka kwenye makabati ya zamani. Lakini picha zilikuwa mpya, zinang'aa. Ufanyeje? Leo ungetafuta kichujio kwenye programu, ubonyeze, umemaliza. Wise na wenzake walichukua kitambaa chepesi, wakatia mchanga, wakaipitisha filamu ndani yake mpaka ikachubuka. Mchanga! Kitu ambacho kila mwenye kamera duniani anakikimbia, wao wakakileta mezani. Mhariri alijua mtazamaji anaamini nini, akaenda kukitafuta hata kama kiko chini ya viatu vyake.

La pili ndilo ninalolipenda zaidi. Tajiri yule na mke wake wanapata kifungua kinywa. Mwanzo ni maharusi, wamekaa karibu, maneno matamu. Kamera inapepesuka, mwaka mwingine, meza ile ile, maneno yamepungua. Inapepesuka tena, sasa wanabishana. Tena. Tena. Mwisho wamekaa kila mmoja upande wake wa meza ndefu, kimya, mume anasoma gazeti lake na mke anasoma gazeti la mpinzani wa mume wake. Ndoa nzima imekufa mbele ya macho yako, kwa kama dakika mbili.

Dakika mbili! Sisi kwa dakika mbili tunafanya nini?

Mnacheka kwa sababu mnajua. Gari linafika getini. Linapiga honi. Mlinzi anatoka, anafungua geti, upande mmoja, kisha wa pili. Gari linaingia. Linapaki. Mlango unafunguka, kiatu kinashuka. Mtu anatembea mpaka mlangoni. Anabisha. "Karibu." "Asante." "Utakunywa nini?" "Juisi." Dada wa kazi anakwenda kuleta juisi, nasi tunakwenda naye mpaka kwenye friji!

Tusiwacheke tu waliofanya hivyo. Kulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni ya biashara. Filamu zetu ziliuzwa kwa diski, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na mnunuzi alilipia kila diski peke yake. Hadithi ya saa moja ilivutwa ikatosha diski mbili. Mhariri hakuambiwa akate, aliambiwa arefushe. Ukimlea kijana miaka kadhaa katika kurefusha, mkono wake unasahau kukata. Sasa soko lile la diski limekufa, watu wanaangalia kwenye simu, wakichoka sekunde ya tano wanapitisha kidole. Lakini geti bado tunalifungua, upande mmoja, kisha wa pili.

Sasa niseme jambo zito kidogo, maana nisingependa mtoke hapa mkidhani Wise alikuwa malaika.

Mwaka 1942 Welles alitengeneza filamu yake ya pili, The Magnificent Ambersons, na mhariri alikuwa Wise tena. Kabla haijakamilika, Welles akasafiri kwenda Brazili kwa filamu nyingine. Huku nyuma studio ikaionyesha kwa watazamaji wa majaribio. Baadhi wakacheka mahali pasipo pa kucheka. Wenye hela wakaingiwa na hofu, wakaamuru ikatwe. Nani akate? Wise. Zikatolewa zaidi ya dakika arobaini, mwisho ukabadilishwa, vipande vingine vikapigwa upya, na Wise mwenyewe akaongoza baadhi. Vilivyokatwa viliharibiwa. Mpaka leo wapenzi wa sinema duniani wanavililia.

Wise alijitetea maisha yake yote kwamba studio ndiyo yenye mali, na kwamba filamu ilisimama vizuri hata baada ya kukatwa. Welles hakusahau. Mimi? Mimi nawaelewa wote wawili na simpi Wise maksi zote. Anayekulipa ana haki ya kupata alicholipia, ni kweli. Lakini kuna wakati mhariri ndiye mtu pekee chumbani anayejua mwongozaji alikusudia nini, na mwongozaji hayupo. Mtu wa namna hiyo hawezi kusema "mimi ni mkono tu". Angalau hifadhi nakala ya kwanza! Vijana, msifute picha ghafi. Haddiski ni ghali, najua, lakini andikeni kwenye mkataba nani anazitunza na kwa muda gani, na aliyetaka zitunzwe alipie.

Tena, nani mkataba wake unasema neno la mwisho ni la nani? Kimya, eeh.

Na mkitaka mfano wa nguvu ya mkasi, hamna haja ya kwenda Hollywood. Mnaikumbuka filamu ya mapanki, yale mabaki ya sangara minofu ikishatolewa? Wazee mnaikumbuka. Darwin's Nightmare, ya mwongozaji wa Austria Hubert Sauper, ilitoka 2004. Imepigwa hapa hapa, uwanja wetu wa ndege, ziwa letu, sangara wetu. Iliteuliwa kugombea Oscar upande wa filamu za kumbukumbu. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani kwamba imeichafua nchi. Watu walibishana sana: mapanki ni chakula cha watu au cha mifugo? Ndege zile zilileta silaha au zilikuja tupu?

Leo sitaufufua ubishi huo. Nataka muitazame kama wahariri. Ndege ya mizigo inatua. Samaki anakatwa minofu kiwandani. Mapanki yako juani. Mtoto wa mtaani amelala. Kila kipande peke yake ni picha tu ambayo wewe na mimi tumeiona tukipita. Viweke kwa mpangilio ule, na mtazamaji wa Paris ameshafika kwenye hukumu kabla hajasikia hoja. Hukumu hiyo ilitoka kwenye meza ya kukatia.

Tulikasirika sana. Tukaandika magazetini, tukazungumza redioni. Ila niwaulize watu wa Kirumba, Mkuyuni, Igoma: ni nani kati yetu aliyejibu kwa filamu?

Turudi kwa Wise, tumuone anavyovuka kutoka mezani kwenda kwenye kiti cha mwongozaji.

RKO walikuwa wanatengeneza filamu ndogo ya bei ndogo, The Curse of the Cat People, iliyotoka 1944, na Wise alikuwa mhariri wake. Mwongozaji, Gunther von Fritsch, akachelewa ratiba. Wakubwa wakaamua kumtoa, wakamgeukia mhariri. Wise alisitasita, maana alikuwa anakalia kiti cha mwenzake, akaambiwa yule ataondoka akubali asikubali. Akakubali. Kwa nini walimchagua mhariri na si msaidizi wa mwongozaji, si mpiga picha? Mimi naona hivi: mhariri alikuwa ameshaviona vipande vyote vilivyopigwa. Alijua kipi kipo, kipi hakipo, na kipi kikipigwa leo filamu inaungana. Nusu ya uongozaji ni kujua kinachokosekana.

Na kujua huko kunaonekana kwa macho. Mpeleke lokesheni mtu aliyewahi kukaa mezani na mtu ambaye hajawahi. Nimemwona dada mmoja pale Mwaloni, Kirumba, anapiga habari ya mama muuza dagaa. Mama amezungumza, amemaliza, kila mtu anapumua. Kijana mwenye maiki anaanza kukunja waya. Dada hakuzima kamera. Akaiacha kwa mama. Mama akajua mazungumzo yamekwisha, akainama, akachota dagaa kwa viganja, akawapepeta, mchanga ukadondoka, akaokota mmoja aliyevunjika akamtia mdomoni akatafuna huku anaangalia ziwani. Dada akazima. Kisha akasema, wote nyamazeni, nataka sauti ya hapa, bila mtu kuongea. Wapagazi wakamshangaa. Amechukua kelele za nini? Mhariri anajua za nini. Bila kelele ile, kila utakapokata maneno ya mama, upepo wa ziwa utakatika naye, na mtazamaji atasikia shimo.

Dada zangu, hili nawaambia ninyi hasa, maana wengine mnaambiwa kamera ni nzito, kaeni mezani tu. Meza yenyewe si pa kudharau. Lawrence of Arabia ya 1962 iliongozwa na David Lean, Mwingereza, ambaye naye alianza kama mhariri. Ndani yake kuna kile kipande maarufu: mtu anapuliza njiti ya kiberiti, na papo hapo uko jangwani, jua linachomoza. Kwenye skripti picha moja ilitakiwa iyeyuke polepole kuingia nyingine. Walipoangalia vipande vimeunganishwa tu bila kuyeyushwa, wakaona hapo hapo panatosha. Mhariri alikuwa mwanamke, Anne V. Coates, na Oscar ya uhariri mwaka ule aliichukua yeye. Lean naye hakuona haya kurudi mezani: filamu yake ya mwisho, A Passage to India ya 1984, aliiongoza na kuihariri mwenyewe, akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya sabini.

Wise akaongoza kila aina: vitisho, ndondi, vita, viumbe wa anga za juu, muziki. Mwaka 1949 alitengeneza The Set-Up, ya bondia aliyechakaa, ambayo hadithi yake inakwenda sawasawa na saa ya mtazamaji, dakika 72 za filamu ni dakika 72 za maisha ya yule bondia. Jaribuni hilo siku moja. Mtaheshimu saa.

Kwenye utayarishaji, hapo ndipo wengi wetu tunapoona giza. Tunadhani mtayarishaji ni mwenye hela. Mwenye hela ni mwenye hela. Mtayarishaji ni yule anayejua kila kitu kitakuwa wapi lini, na nani atalia kisipokuwepo.

West Side Story, 1961. Wise ni mtayarishaji na pia mwongozaji pamoja na Jerome Robbins, bingwa wa dansi. Robbins alitaka kila hatua iwe kamilifu. Anarudia, anarudia, siku zinakwenda, hela inakwenda. Mwishowe akaondolewa kabla upigaji haujaisha. Sasa sikilizeni: jina lake lilibaki. Filamu ikachukua Oscar kumi, na ya mwongozaji bora walipewa wote wawili, mara ya kwanza tuzo ile kugawanywa. Sisi mtu akigombana na mtayarishaji siku ya pili, jina lake hulioni hata kwa kutafuta na tochi. Mtu amefanya kazi, andika jina lake. Aliyeshika taa, mwandike. Mama aliyepika ugali na sato, mwandike.

Kwenye The Sound of Music, pale mwanzo Julie Andrews anapozunguka juu ya kilima, kamera ilikuwa kwenye helikopta. Kila ikimpita, upepo wake unamwangusha kwenye majani. Anajifuta, wanarudia. Nanyi mnaniambia droni imewasumbua kuku wa mwenyeji!

Sasa utayarishaji wa kwetu. Tuseme unataka kutengeneza filamu ya wavuvi wa dagaa, Ukerewe au Igombe. Swali la kwanza si kamera gani. Swali la kwanza ni mwezi uko wapi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inataka giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Kwa hiyo mtayarishaji anachukua kalenda: siku za giza ni za kupiga picha ziwani usiku, kwa mtumbwi wa pili wenye mafuta ya akiba na maboya ya kuokolea. Siku za mbalamwezi ni za mazungumzo, maana ndipo utawapata watu wametulia nyumbani. Asubuhi ni ya sauti, kabla upepo wa mchana haujaanza kupiga kwenye maiki. Kibali cha Bodi ya Filamu kishughulikiwe mapema, usingoje mtu aje akuulize ukiwa na kamera begani. Ukishapanga hivyo, hata hela unayoomba inakuwa na sura. Mwenye hela akikuuliza kwa nini siku zote hizi, unamjibu: mwezi.

Na aliyezoea kukaa mezani anaongeza jambo moja kwenye kalenda ile: siku mbili tupu, baada ya mkato wa kwanza, za kurudi kisiwani kuchukua kilichokosekana. Kitakosekana tu.

Wise alifariki 2005, ana miaka 91. Amekuwa rais wa chama cha waongozaji wa Marekani, amekuwa rais wa akademi yenyewe inayotoa Oscar. Mbeba mikebe.

Naambiwa muda wa kusema umekwisha. Niliwaomba mje na haddiski zenu, na naona wengine mmezificha chini ya viti. Tutaanza na ya yule kijana wa Kayenze. Ana filamu fupi, na tayari nimeona ina geti. Tutaiangalia yote, kila mtu na karatasi yake, uandike dakika ambayo wewe ungekata na kwa nini. Mwenye kazi haruhusiwi kujitetea mpaka iishe.